Foleni Huzaliwa Makutanoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wahandisi na wapangaji miji wenzangu, viongozi wa madereva, na ninyi wakazi mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za barabara: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie mpango wa kuboresha barabara na makutano ili kupunguza msongamano ambao kila mwaka unatuzidi nguvu. Kwenye barua ya mwaliko neno barabara limetangulia. Mimi naomba niligeuze, nianze na makutano, kwa sababu baada ya miaka mingi ya kazi hii naamini hapo ndipo mji unapofungika na hapo ndipo unapofunguka. Kile kipande kilichonyooka kati ya njia panda moja na nyingine, ambacho ndicho tunachokipanua kila bajeti inaporuhusu, mara nyingi hakina kosa lolote.

Tufanye hesabu moja ndogo. Mnivumilie, kwa kuwa mengi nitakayosema yametoka humo. Magari yaliyopanga foleni kwenye taa, ikiwaka kijani, huvuka mstari kwa wastani wa gari moja kila sekunde 2, yale mawili matatu ya mbele yakichelewa kidogo kuondoka. Kwa hiyo njia moja ingekuwa na kijani saa nzima, ingepitisha magari kama 1,800. Lakini hakuna mwenye kijani saa nzima. Chukua makutano ya pande nne, kila upande na zamu yake, duru nzima ya taa ikichukua sekunde 120. Upande wako unapata sekunde 30, yaani magari 15. Kwa saa moja duru ni 30. Magari 450, na hapo bado sijatoa sekunde zinazopotea. Barabara iliyoweza kubeba 1,800 imefika kwenye taa ikaruhusiwa robo yake.

Sasa anakuja mtu na pendekezo la kuongeza njia moja kwa kilomita 5. Anajenga vizuri, lami safi, mistari myeupe, na mita 100 kabla ya taa anakutana na jengo ambalo fidia yake haimo kwenye bajeti. Njia inarudi kuwa zile zile za zamani. Kilichopatikana ni mahali papana zaidi pa kusubiri taa ile ile. Fedha za wananchi zimekwenda, na dereva anayetoka nyumbani alfajiri anafika kazini saa ile ile aliyokuwa akifika.

Zile sekunde zinazopotea nazo zina uzito wake. Kila taa inapohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kuna muda ambao hakuna anayepita: wa mwisho anamalizia kuvuka, wa kwanza wa upande wa pili anaweka gia. Ukadirie sekunde 4 tu kwa kila zamu. Zamu nne ni sekunde 16 katika kila duru, na kwa duru 30 ni dakika 8 za kila saa ambazo makutano yako wazi na hayana mtu. Ukiweza kupanga pande mbili zinazotazamana zipite pamoja, ukawapa wanaokata kona nafasi yao ya kusubiri katikati, umebaki na zamu mbili na umerudisha dakika 4 za kila saa bila kumwaga koleo la zege. Mwingereza F. V. Webster aliandika kanuni ya kukokotoa urefu unaofaa wa duru mwaka 1958, na mpaka leo wanafunzi wa uhandisi wanaanzia kwake. Cha ajabu ni kwamba taa nyingi bado zinaendeshwa kwa muda uliowekwa siku zilipofungwa, wakati mji ukiwa na nusu ya magari ya sasa, na hakuna aliyerudi kuzigusa.

Kazi yangu ya kwanza katika fani hii ilikuwa kuhesabu magari. Nilipewa ubao wa kuandikia, rundo la karatasi zenye visanduku na penseli mbili, nikakalishwa kwenye kona ya makutano kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kila gari lililotoka upande wangu na kukata kona, kijiti kimoja. Vikifika vinne, cha tano unakilaza juu yake kwa mshazari. Kila dakika 15, karatasi mpya. Tulitenganisha gari dogo, basi, lori, pikipiki, baiskeli na mtembea kwa miguu, maana lori linalojivuta kuondoka kwenye taa linakula nafasi ya magari madogo mawili hata matatu, na pikipiki hailingani hata na nusu ya gari.

Ilipokaribia saa mbili asubuhi nikaona jambo ambalo karatasi yangu haikuwa na kisanduku chake. Taa ya upande wangu iliwaka kijani, na hakuna gari lililosogea. Nikainuka nione mbele. Hatua kama 30 baada ya makutano palikuwa na kituo cha mabasi madogo, kituo cha barabarani kabisa, hakikuingizwa pembeni. Mabasi mawili yalikuwa yamesimama yakipakia, la tatu limejipanga ubavuni mwao likisubiri nafasi, na la nne mkia wake uko katikati ya makutano. Kijani ikawaka, ikazimika. Upande mwingine ukapewa zamu, nao ukakuta njia imezibwa na mkia wa lile basi. Duru tatu mfululizo zikapita hivyo. Penseli yangu ilikuwa mkononi, na kwenye visanduku nikaandika sifuri, sifuri, sifuri.

Ripoti iliyotoka baadaye ilipendekeza barabara ipanuliwe. Ukizisoma zile karatasi ofisini, zinasema magari yanayopita ni machache, na mtu anaweza kuelewa kwamba barabara ni finyu, au hata kwamba haina wateja. Hazisemi kituo cha mabasi kiko mahali pabaya. Miaka kadhaa baadaye kituo kilisogezwa mbele na kuchongewa nafasi yake pembeni, na foleni ya upande ule ikapungua kuliko nilivyotarajia. Hakuna njia iliyoongezwa.

Nimelisimulia hili kwa sababu kuna kosa la kitaalamu ndani yake ambalo bado tunalirudia. Makutano yakishajaa, kuhesabu waliopita ni kupima uwezo wa makutano. Idadi ya wanaotaka kupita iko nyuma, kwenye foleni ambayo mhesabuji haioni. Ukipanga kwa kuangalia waliopita peke yao, utatengeneza makutano yanayowatosha wale wale waliokuwa wakipita, na foleni utaiacha ilipo. Kwa hiyo kila kona inahitaji mhesabuji wa pili, atembee nyuma kila dakika 15 aone mkia wa foleni umefika wapi. Ni kazi ya miguu, na haina mbadala wa bei rahisi. Kamera na droni zinasaidia sana siku hizi, lakini hata picha ya droni inahitaji mtu wa kuuliza kwa nini gari lile halisogei.

Foleni ina habari moja njema ambayo haisemwi vya kutosha. Kuchelewa hakuongezeki sambamba na magari. Makutano yakitumika kwa asilimia 60 au 70 ya uwezo wake, gari la ziada halionekani. Yakishapita asilimia 85 au 90, kila gari linaloingia linawachelewesha wote walio nyuma yake, na kuchelewa kunapanda kama maji ya mafuriko. Lakini kunashuka vile vile. Ndiyo maana shule zikifungwa mji wote unapumua, na hali magari yaliyotoweka barabarani ni sehemu ndogo tu. Hatuhitaji kuondoa nusu ya magari. Tukipata kiasi kidogo kwa kupunguza magari saa za kilele, na kiasi kingine kwa kurekebisha taa na vituo, makutano yanarudi upande salama wa mstari.

Stockholm walilionyesha hilo hadharani. Kuanzia Januari hadi Julai 2006 walifanya jaribio la kutoza ada kila gari linaloingia au kutoka katikati ya jiji siku za kazi, ada ikipanda saa za kilele. Magari yanayovuka mpaka ule yalipungua kwa takriban asilimia 20, na muda wa kukaa foleni ukapungua zaidi ya hapo. Kabla ya jaribio wakazi wengi walikuwa wakipinga. Septemba mwaka huo huo wakapiga kura, na wengi wa wakazi wa jiji wakaikubali, ingawa katika manispaa za pembeni zilizopiga kura zake wengi walikataa. Ada ikawa ya kudumu kuanzia Agosti 2007. Sisemi hapa kwamba tukatoze ada. Ada mahali ambapo hakuna basi la uhakika ni adhabu kwa mtu asiye na njia nyingine, na mimi nisingeiunga mkono. Nachotaka mkione ni ukubwa wa nafuu inayotokana na upungufu ambao kwa macho ungeonekana mdogo.

Kuhusu kupanua barabara, najua wengi mlikuja mkitarajia kusikia njia ngapi zitaongezwa. Nitasema kwa uwazi ninachokijua. Barabara ya Katy Freeway mjini Houston, Marekani, ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2008, ikafikia hadi njia 26 mahali penye upana zaidi ukihesabu na zile za pembeni. Ndani ya miaka michache safari za saa za kazi zilikuwa zimerefuka tena. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa miji ya Marekani wakaona kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zinazojengwa. Na si kwamba watu ni wakaidi. Barabara ikifunguka, aliyekuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri anajipa usingizi wa saa moja zaidi. Aliyepanda basi anawasha gari lake. Aliyekuwa akikwepa kwa barabara za mitaani anarudi barabara kuu. Anayejenga nyumba anaona kiwanja cha mbali sasa kinafikika. Kila mmoja wao ameamua kwa akili timamu, na wote wanakutana kwenye taa ile ile.

Yapo mahali ambapo upanuzi ni wa lazima. Barabara isiyo na mtaro ikafunikwa maji kila mvua ikinyesha, daraja la njia moja linalounganisha pande mbili za mji, kipande kilichobanwa kati ya vipande viwili vipana: hapo panahitaji kujengwa, na haraka. Mtaro uliozibwa unaweza kuifunga njia moja siku nzima, na njia moja ikifungwa karibu na taa, ile hesabu ya 450 inaporomoka. Ningependa mipango yetu ya foleni iwe na kurasa nyingi zaidi za mitaro kuliko ilivyo sasa.

Barabara za juu nazo zina mahali pake, hasa pale reli inapokatiza barabara kubwa au njia mbili kuu za malori zinapogongana. Lakini barabara ya juu inaondoa mgongano mahali pamoja na kuwafikisha watu upesi kwenye makutano yanayofuata. Nimewahi kusimama chini ya barabara ya juu mpya, wiki chache baada ya kufunguliwa, nikaangalia magari yakishuka kutoka juu yakajiunga na mkia wa foleni ya taa iliyokuwa mbele, na mkia ule umepanda hadi katikati ya daraja. Usanifu wake haukuwa na dosari kwa mahali pale. Ulichorwa kana kwamba mji una makutano moja. Upembuzi yakinifu wowote mtakaoletewa, tafuteni ndani yake makutano matatu yanayofuata kila upande. Yasipokuwemo, urudisheni.

Na wakati mwingine kuondoa barabara kunasaidia. Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwa hesabu mwaka 1968 kwamba kuongeza kiungo kwenye mtandao wa barabara kunaweza kuwachelewesha wote, kwa kuwa kila dereva anakimbilia kiungo hicho kwa faida yake. Seoul walianza mwaka 2003 kubomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, barabara iliyokuwa ikibeba zaidi ya magari 100,000 kwa siku, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa kwa watu kutembea kandokando yake. Wengi walitabiri jiji litasimama. Halikusimama. Na siri yake haikuwa mto. Mwaka 2004, katikati ya ubomoaji huo, walipanga upya mabasi yao yote na kuyapa njia zake katikati ya barabara kubwa.

Hapo nafika kwenye swali ambalo kila mpango wa makutano unapaswa kulijibu mwanzoni: tunapitisha nini, magari au watu? Miongozo ya usanifu wa mitaa inakadiria kwamba njia moja yenye upana wa mita 3 hivi, ikiachiwa magari binafsi, hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Njia hiyo hiyo wakipewa mabasi peke yao, yakija mfululizo, hupitisha 4,000 hadi 8,000. Curitiba, Brazili, walianza kuyapa mabasi njia zake mwaka 1974 wakiwa hawana uwezo wa kujenga reli ya chini ya ardhi. Lakini nitie mkazo jambo moja: njia ya basi inayoishia mita 50 kabla ya taa, ili magari yapate nafasi ya kukata kona, imeishia mahali ilipohitajika zaidi. Basi lenye watu 60 linaingia foleni nyuma ya magari 20 yenye watu 25. Kama kuna kipande kimoja tu cha njia ya basi tunachoweza kukijenga mwaka huu, kiwe zile mita 150 za mwisho kabla ya makutano. Huko nyuma, kwenye barabara wazi, basi linajiendea lenyewe.

Niseme kidogo kuhusu mizunguko, au vipilefti kama wengi tunavyoviita. Nimeona vikibomolewa kwa hasira na kuwekwa taa, na nimeona taa zikiondolewa kuwekwa kipilefti, na pande zote mbili zilikuwa na imani kubwa. Makutano ya kawaida ya pande nne yana sehemu 32 ambapo njia za magari hugusana: yanakutana, yanakatana au yanaachana. Kipilefti cha njia moja kina 8, na hakuna hata moja ambapo gari linamgonga mwenzake uso kwa uso au ubavuni kwa kasi. Tafiti zilizofanywa Marekani kwenye makutano yaliyobadilishwa kuwa mizunguko zilikuta ajali zenye majeruhi zimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa mtaa wenye magari ya wastani yanayotoka pande zote kwa uwiano, siwezi kufikiria kitu bora. Kasoro yake ni pale upande mmoja unapokuwa na mkondo usiokatika. Aliye ndani ndiye mwenye haki ya kupita, kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1966 na kuenea duniani, kwa hiyo mkondo mkubwa ukiingia bila kukoma, wa upande unaofuata hawapati mwanya. Na kipilefti cha njia tatu kilichojaa hadi pomoni hujifunga chenyewe: wa kutoka wanazuiwa na wa kuingia, na wa kuingia wanazuiwa na wa kutoka.

Ndipo anapoitwa askari wa usalama barabarani. Nina heshima kubwa kwa watu hawa wanaosimama juani na kwenye moshi siku nzima, na ninachosema si lawama. Askari anaona foleni ndefu upande mmoja, anauachia dakika 10 mfululizo mpaka uishe. Kwa anachokiona yuko sahihi. Asichoweza kukiona ni kwamba upande aliouzuia umejaa hadi makutano ya nyuma yake, na kule nyuma askari mwingine naye anazuia. Pia baada ya dakika ya kwanza au ya pili foleni iliyosimama imeshapita, na anaoendelea kuwapitisha wanakuja mmojammoja wenye mianya mikubwa kati yao, huku waliozuiwa wangeweza kupita kila sekunde 2. Taa zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe zilianza kutumika Sydney tangu miaka ya 1970 kwa mfumo unaoitwa SCATS, unaosoma vitambuzi vilivyofukiwa kwenye lami na kugawa sekunde kulingana na magari yaliyopo. Mfumo wa namna hiyo unahitaji umeme usiokatika, vitambuzi vinavyofanyiwa matengenezo na fundi anayejua kazi. Bajeti ya ununuzi ikipita bila bajeti ya matengenezo, mtakuwa mmenunua taa za muda maalumu kwa bei ya taa zenye akili.

Nimeacha watembea kwa miguu hadi sasa, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu nataka niwape muda wa kutosha.

Niliwahi kuchora daraja la waenda kwa miguu. Lilikuwa kazi yangu na nililiamini: magari chini, watu juu, hakuna wa kumsubiri mwenzake. Lilipojengwa nikaenda kulitazama asubuhi moja. Juu ya daraja kulikuwa na vijana wawili wakipiga picha. Chini, katikati ya barabara, mama mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo mwembamba unaotenganisha njia, mtoto mgongoni, ndoo ya bidhaa kichwani, mkono mmoja umeshika chuma cha uzio, akisubiri mwanya wa magari ya upande wa pili. Nikahesabu ngazi za daraja langu. Nilizichora mimi, lakini sikuwa nimewahi kuzipanda nikiwa na mzigo. Kwa kupanda, kuvuka na kushuka, yule mama alihitaji kutembea mara nyingi zaidi ya upana wa barabara, na kama angekuwa mzee au mwenye kiti cha magurudumu asingeweza kabisa. Nililipanga kwa kumwondolea dereva usumbufu wa sekunde 20.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Makutano yanaweza kumhurumia mtu kwa vitu vidogo sana. Kona ikichorwa kwa mkunjo mpana, gari linakata bila kupunguza mwendo. Ukiukaza mkunjo huo, dereva analazimika kukanyaga breki na kivuko kinakuwa kifupi kwa mita kadhaa. Kisiwa cha kusimama katikati kinamfanya mtu avuke upande mmoja kwa mara moja. Muda wa kijani wa watembea kwa miguu zamani ulikokotolewa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ambao mzee hauwezi. Kwa barabara ya mita 20 ukikokotoa kwa mita 1 kwa sekunde, unampa sekunde 20 badala ya 17. Sekunde 3 hizo ndizo zinazomtofautisha aliyefika ng'ambo na aliyebaki katikati taa ikibadilika. Na msidhani zinaharibu foleni. Duru fupi, ambazo ndizo zinazomfaa mtembea kwa miguu maana mtu akisubiri kupita kiasi atakimbia tu, mara nyingi zinafupisha pia mkia wa foleni, kwa kuwa zinawahi kuifungua kabla haijafika makutano ya nyuma.

Mkia huo naomba muupime kwenye kila mchoro. Gari dogo kwenye foleni linachukua mita 6 hadi 7. Njia ya kukatia kona yenye urefu wa mita 40 inabeba magari sita. La saba linasimama kwenye njia ya wanaokwenda moja kwa moja, na kuanzia hapo taa yao ya kijani haina kazi. Nimeona mahali ambapo rangi tu, rangi ya kuchora mstari upya na kurefusha njia hiyo hadi mita 80 kwa kupunguza upana wa kisiwa, ilifungua kilichoshindikana kwa miaka.

Kwa hiyo mpango ninaowaombea baraka zenu una mpangilio huu. Kwanza hesabu, ya magari, ya watu na ya foleni, kwenye makutano yote ya barabara kuu kwa wiki ile ile, ili tuyaone kama mnyororo. Kisha, kabla ya mkandarasi yeyote kuitwa, taa zipangwe upya, vituo vya mabasi visogezwe, mistari ichorwe upya, mitaro izibuliwe. Pale tunapotaka kubadilisha umbo la makutano, tuweke kwanza vizuizi vya plastiki na rangi kwa wiki kadhaa, tuangalie. Kizuizi cha plastiki kikionekana kimekosewa, vijana wanne wanakisogeza kwa saa moja. Zege likikosewa tunakaa nalo miaka 30. Baada ya hapo, yale makutano ambayo dawa hizi zimeshindwa, na yatakuwepo, ndiyo yaletwe hapa kwa ujenzi mkubwa, na yaje na ratiba ya michepuko inayoonyesha mabasi yatapita wapi wakati wa ujenzi, maana nimeona ujenzi wa kupunguza foleni ukiua biashara za barabara nzima kabla haujakamilika. Na miezi sita baada ya kufunguliwa, tuhesabu tena, karatasi zile zile, kona zile zile, na matokeo yabandikwe mahali ambapo kila mkazi atayasoma, hata kama yanatuaibisha sisi wataalamu.

Kazi ya kuhesabu inaanza Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Tuna kona 48 na wahesabuji 31. Karatasi na penseli ziko kwenye meza pale mlangoni, pamoja na orodha ya kuandika jina. Wanafunzi wa sekondari wa kidato cha juu wanakaribishwa, na madereva wastaafu ningewapenda zaidi, kwa sababu mnajua gari linaposimama bila sababu. Kila mmoja atapewa kona moja, mwenzake wa kupokezana naye, na maelekezo ya dakika 20. Kwenye karatasi safari hii nimeongeza kisanduku kimoja chini kabisa, hakina kichwa. Humo mtaandika chochote mtakachokiona kinazuia magari au watu, ambacho visanduku vingine havikukiuliza.